Kamba Isiyokunjwa

Kabla hata hajakaribishwa kiti, Sekela Mwaisumo alijikwaa. Kamba nene ya katani ilikuwa imelala sakafuni kuanzia mlangoni mpaka chini ya meza ya mitambo, imejaa vumbi, na yeye, kwa kuwa alilelewa asipite kitu kilichozagaa, akainama aikunje.

"Iache!" Gwakisa, mwenye studio, alimaka. Kisha akashusha sauti, aibu imemjaa. "Samahani, dada. Iache hapohapo. Watu huwa wanairuka."

Sekela akairuka. Alikuwa mhakiki wa muziki redioni kwa miaka mingi na vituko vya wanamuziki alivizoea. Kuna mwimbaji aliwahi kumpelekea kuku nyumbani ili albamu yake isemwe vizuri. Kuku alimla, tena akamsifia kwa utamu, na albamu akaichana vilevile. Kwa hiyo kamba ya vumbi haikumbabaisha. Studio yenyewe ilikuwa ghala la zamani la viazi pale Uyole, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro, na hita moja ilikuwa inanguruma pembeni bila kumpa mtu joto lolote.

Alichofuata hapo ni albamu ambayo wapenzi wa roki wa Mbeya nzima waliizungumzia na hakuna aliyekuwa ameisikia. Iliitwa *Shimo la Baba*, kazi ya mwisho ya bendi ya Kokoto: nyimbo tisa, simulizi moja, mchimbaji dhahabu wa Chunya anashuka kwenye shimo lake asubuhi na harudi. Aliyeitunga na kuiimba ni Bupe, mdogo wake Gwakisa. Alikata roho kwenye kipaza sauti, katikati ya wimbo wa tisa. Moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni na aliwakataza wote wasimkumbushe.

"Sikiliza nane," Gwakisa alimwambia akimvalisha kofia ya kusikilizia. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vya mtu aliyepiga gitaa maisha yake yote. "Wa nane ukiisha, vua. Wa tisa haujakamilika."

"Nijuavyo mimi, rekodi isiyofungwa ni kosa kuimiliki."

"Kuiuza ndiyo kosa. Mimi siuzi. Nataka mtu mmoja tu mwenye masikio aniambie kama nilikuwa na haki ya kuihifadhi."

Sekela alijua vizuri sheria ilikotoka. Rekodi za kawaida siku hizo walibaki nazo wazee. Wengine wote walivaa kofia na kujikuta wamesimama chumba kimoja na wanamuziki, wanatazamana nao, wanapigiwa. Mtambo ulichukua nakala ya kila mpigaji saa ileile anapopiga: masikio yake, mikono yake, hofu yake, ubishi wake. Kazi ikiisha bendi hutoa ishara yake, rekodi inafungwa, na nakala zinatulia kama picha ukutani. Isipofungwa hazitulii. Mahakama ilisikiliza rekodi moja ya namna hiyo ikilia, na baada ya hapo ikakubali kwamba nakala iliyo wazi inajua kwamba ipo.

Ishara ya Kokoto ilikuwa ipi, Gwakisa hakusema. Hakuwa na nia ya kuficha. Alidhani haimhusu msikilizaji.

*

Chumba kilikuwa kilekile, ila kipya. Magodoro ya ukutani hayakuwa na madoa, na kamba ilikuwa safi, imetandazwa sakafuni kwa heshima. Ambokile alikuwa ameshika besi. Lusajo alikuwa nyuma ya ngoma, anatafuna kiazi. Gwakisa, kijana, hana hata unywele mmoja mweupe, aliegemea spika na gitaa lake. Na katikati, pekupeku kwenye baridi ile, alisimama mwanamke mfupi aliyevaa sweta la shule lililotoboka viwiko.

"Shikamoo, dada mgeni," Bupe alisema.

"Marahaba."

Halafu yule Gwakisa kijana akaita, kwa sauti ya kazi: "Nani ameshuka? Ambokile?"

"Nipo."

"Lusajo?"

"Nipo," kwa mdomo uliojaa kiazi.

"Bupe?"

"Nipo."

Kisha wote wanne wakamgeukia Sekela na kusubiri. Msikilizaji wa kofia hatakiwi kusema kitu bendi inapoitana; hilo hata watoto hufundishwa. Lakini Sekela alizaliwa na kukulia Tukuyu, kwa bibi ambaye ukiitwa ukanyamaza alikuuliza kama umefiwa na ulimi. Watu wanne wanakutazama, wamekusalimia vizuri, wanangoja. Utafanyaje?

"Nipo," akasema.

Lusajo akagonga vijiti vyake, na albamu ikaanza.

Wimbo wa kwanza ulimkera. Gitaa lilikwaruza, besi ilisuasua, na Bupe aliimba kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. Sekela alianza kutunga kichwani maneno ya kuichana. Wa pili ulipoanza nusu sauti chini ya wa kwanza, akasimama wima. Wa tatu ulishuka tena. Ndipo alipoelewa: albamu nzima ilikuwa inashuka shimoni. Kila wimbo ulikuwa chini ya uliotangulia, na sauti ya Bupe, ambayo pale juu ilionekana dhaifu, ilikuwa imetunziwa kina hiki. Mwanamke huyu alikuwa amekubali kuonekana hajui kuimba kwa nyimbo mbili nzima ili afike hapa.

Wa tano ulikuwa mrefu kupita kiasi na Sekela alisema hivyo kwa sauti, na Lusajo akacheka bila kuacha kupiga. Wa sita haukuwa na maneno, nyundo na moko, patasi ya wachimbaji, vikigonga mwamba tu, na gitaa la Gwakisa likigonga kando yake hadi hujui kipi ni kipi. Katika wa saba waliacha kupiga mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa, ikabaki pumzi ya mtu mmoja. Katika wa nane zikasikika ngoma kutoka mbali, kutoka juu: watu wanachimba kumtafuta. Besi ikawajibu kutoka chini. Wakaitana hivyo, juu na chini, wakikaribiana, mpaka Sekela akagundua kwamba anaomba. Mtu ambaye hajasali tangu alipoolewa alikuwa anamwomba Mungu amwokoe mchimbaji wa kwenye wimbo.

Wa nane ukaisha. Alijifuta machozi, akakumbuka alivyoagizwa, akapeleka mikono kichwani.

Hakukuwa na kofia. Alipapasa nywele zake, masikio, shingo. Kwa kawaida mtu akitaka kutoka huigusa kofia, na chumba kinafifia. Hapa kulikuwa na kichwa chake tu.

"Dada Sekela." Ilikuwa sauti ya Gwakisa mzee, kutoka kwenye spika ya mitambo, ya chini hata ikamfikia yeye peke yake. "Mbona mtambo unaniambia mko watano?"

"Watano wapi?"

"Shimoni. Rekodi hii ina watu wanne. Uliitika?"

"Niliulizwa, kaka."

Gwakisa akamweleza, na alivyozidi kueleza ndivyo Sekela alivyozidi kuhisi kuta za trei za mayai zikisogea. Ilikuwa desturi ya baba yao shimoni. Asubuhi mtu wa juu anawaita wanaoshuka, kila mmoja anaitika "nipo". Jioni anawaita tena mdomoni mwa shimo, kila mmoja anasema "nimetoka". Kamba haikunjwi mpaka wote waseme, na hakuna anayekwenda nyumbani kabla ya mwenzake. Kokoto walifanya hivyohivyo studio, na fundi wao akaufundisha mtambo: aliyeitika yumo, na hatoki mtu mpaka wametoka wote.

"Basi nimetoka," Sekela alisema. "Nimetoka! Umesikia?"

"Mpaka wote, dada. Bupe hakuwahi kusema."

"Nivue kwa nguvu."

"Kuna jamaa wa Tunduma alivuliwa kwa nguvu. Yuko hai, anakula, analima. Ila sauti ya mtu kwake siku hizi ni kelele tu. Ya mke wake, ya mtu yeyote. Muziki ndio usiseme."

Sekela akakaa sakafuni, juu ya kamba.

*

Wimbo wa tisa ulianza wenyewe. Uliitwa "Mdomo wa Shimo" na ulikuwa mzuri kiasi cha kuumiza. Ulipanda. Baada ya nyimbo nane za kushuka, gitaa lilianza kupanda ngazi, na sauti ya Bupe nayo ikapanda, mpaka pale ambapo mtu wa juu anamwita mchimbaji kwa jina. Hapo Bupe akasita.

"Hapana," akasema. "Tena."

Wakarudia. Safari hii alimalizia kwa kupiga kelele. "Hapana. Tena." Akamalizia kwa kunong'ona. Akamalizia kwa kimya. "Tena." Kila mara alitafuta njia nyingine, na kila mara akagonga ukuta uleule, na kila mara bendi ikarudi mwanzo bila kuchoka, kwa sababu nakala hazichoki. Sekela ndiye aliyekuwa anachoka. Alihisi kwa mbali, kama kitu kinachofanyika nyumba ya jirani, blanketi likiwekwa kwenye magoti yake, na kijiko cha uji kikigusa midomo iliyokuwa imeanza kusahau kumeza.

"Kaka Gwakisa, mwili wangu hautasubiri."

"Najua. Nimempigia fundi Dar es Salaam."

"Anakuja lini?"

Badala ya kujibu akanong'ona haraka, "Usimwambie. Nakuomba. Hajui. Huwa nakuja kila Jumapili, nakaa tu kimya huku nje namsikiliza anavyotafuta. Kila Jumapili anapata kitu kipya, dada. Ni mzima kabisa. Ukimfunga atakuwa picha."

Jumapili zote hizo. Sekela alimhurumia na pia alitamani kumtia kofi, vyote kwa pamoja, lakini huruma haikumfungulia mlango.

Mlango ulikuwepo, na ulikuwa rahisi ajabu. Bupe mwenyewe alimletea. Baada ya "tena" nyingine alikuja akachuchumaa mbele yake, viwiko vikichungulia kwenye matundu ya sweta.

"Dada, wewe si Sekela wa redioni? Nimekujua kwa sauti ulipolalamikia wimbo wa tano." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Basi wewe niambie. Hawa ni ndugu zangu, watanidanganya. Wimbo umefika? Nikiishia pale nilipoishia sasa hivi, umefika?"

Neno moja. Umefika. Bupe angeliamini, kwa kuwa Sekela hakuwa na sifa ya kusifia. Angesema "nimetoka" kwa furaha, angetulia bila kujua chochote, na Sekela angeamka anakunywa uji wake. Nani angemlaumu? Neno lilimfikia mpaka kwenye meno. Aliufikiria mwili wake unaopoa pale kwenye kiti. Alimfikiria yule jamaa wa Tunduma, na mke wake anayemwita bila kujibiwa. Kisha akamtazama mwanamke aliyekubali nyimbo mbili nzima aonekane hajui kuimba, na akaona kwamba uongo huo ungemgeuza picha huku akidhani ameshinda. Kama hakuuza ukweli kwa kuku, angeuuza vipi kwa huyu?

"Haujafika," Sekela alisema. "Unajua haujafika. Unamficha mtu hapo mwisho."

Bupe alivuta pumzi, kama aliyetuliwa mzigo. "Nilijua."

"Kuna jingine. Hii kazi si ya leo, mdogo wangu. Ni ya miaka mingi. Kaka yako amezeeka."

"Dada, nyamaza!" spika ililia.

Bupe alimtazama Gwakisa kijana aliyeegemea gitaa, kisha akageukia spika ilikotoka sauti.

"Gwakisa. Una mvi?"

"Ninazo," ikajibu spika.

"Nyingi?"

"Kichwa kizima."

"Na mimi?"

Ambokile alitazama besi yake.

"Mimi sina," Bupe alisema mwenyewe, taratibu. Aliweka kiganja kifuani, kwenye ule moyo aliowakataza wasiutaje, akakiacha hapo. "Ni hapa, ee? Kwenye wimbo huu huu. Na kamba? Umeikunja?"

"Sijaikunja."

"Muda wote huo? Watu wanapita wapi?"

"Wanairuka."

Bupe akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kando ya Sekela, na kicheko kikageuka kuwa kilio bila kubadili sauti sana, na Sekela akamshika bega lililokuwa na joto kama la mtu yeyote.

"Mama aliikunja ya baba," Bupe alisema alipoweza. "Walimwita mdomoni mwa shimo siku tatu, hakuitika. Mama akaenda, akaita yeye, akaitikia yeye mwenyewe, 'Ametoka,' akaikunja. Akaifunga nyuma ya nyumba akaanikia nguo zetu. Nilikataa kuvaa nguo zilizoanikwa pale. Nilimnunia mpaka tunamzika. Nilisema amemfungia baba shimoni." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Ndiye niliyekuwa namficha, dada. Nilikuwa namtafutia baba jibu, na aliyejibu alikuwa mama."

Akasimama.

"Mara moja tu," akawaambia wenzake. "Na Gwakisa, ukifika pale, uite kweli. Uite kama unanihitaji nyumbani."

*

Sekela baadaye alijaribu kuusimulia wimbo huo redioni na akashindwa, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Alichoweza kueleza ni kwamba ulipanda kama zamani, lakini safari hii Bupe alimleta mama yake mdomoni mwa shimo, na mkono wa mama ukashika kamba, na gitaa likaacha kulia na kuanza kufanya kazi, kuvuta, kuvuta. Kisha mtu wa juu akaanza kuita.

"Ambokile?"

"Nimetoka." Besi ikanyamaza, na pale alipokuwa Ambokile pakawa na sakafu tupu.

"Lusajo?"

"Nimetoka." Vijiti vikaanguka.

"Mgeni?"

"Nimetoka," Sekela alisema. Alibaki palepale, kama alivyotarajia: mtu hai hatoki mpaka wote.

"Bupe?" Gwakisa kijana aliita kama alivyoagizwa, na sauti ikapasuka.

Bupe aliacha sauti hiyo ikae chumbani kwa muda. Alimkonyeza Sekela. Kisha akaliimba neno, kwa sauti ya chini, ya mtu anayevua viatu mlangoni. "Nimetoka."

Wimbo wa tisa ulikuwa umekwisha.

Akabaki Sekela na yule kijana mwenye gitaa, na chumbani hakukuwa na mwingine. Chumba hakikufifia.

"Nini tena?" Sekela alinong'ona. "Kaka, nini tena?"

"Anayeita naye anahesabiwa, na anatoka wa mwisho," Gwakisa alisema kwenye spika. "Siku ile sikusema. Nilikuwa nimempakata. Neno la mwisho ndilo linalofunga rekodi, na mtambo haulikubali kwa nakala. Ni mimi natakiwa."

"Basi sema."

Kwenye spika kiti kikakwaruza sakafu.

"Kaka Gwakisa. Usiposema itakuwaje?"

"Itaanza upya. Wimbo wa kwanza. Atakuwepo amevaa lile sweta, hakumbuki kitu." Alipumua. "Atakusalimia."

Sekela hajawahi kuogopa hivyo, kabla wala baada. Alimwona Lusajo na kiazi chake. Aliona "shikamoo, dada mgeni" ikirudi, na kurudi, mpaka mwili wake kwenye kiti uache kumeza uji. Alitaka kumtukana mzee huyu, na matusi alikuwa nayo ya kutosha, ya Tukuyu na ya mjini. Lakini kwenye spika alimsikia akilia kwa kujizuia, kama watoto wanavyolia wasisikike, akakumbuka aliitiwa nini.

"Uliniita nikuambie kuhusu albamu," akasema. "Nakuambia. Wa tano ni mrefu mno. Wa kwanza watu wataukimbia, na wakikimbia shauri yao. Sijasikia kazi kama hii na sitegemei kuisikia tena. Ulikuwa na haki ya kuihifadhi, kaka, mpaka leo, kwa sababu ilikuwa haina mwisho. Sasa ina mwisho. Ameupata mwenyewe, akiwa anajua. Ukianzisha upya utakuwa naye kila Jumapili, na wimbo wake utakuwa umemnyang'anya. Nimemaliza uhakiki wangu. Nina njaa."

Hita ilisikika ikinguruma huko nje, kwa mbali.

"Nimetoka," Gwakisa alisema.

*

Mwanga wa alasiri uliingia kwenye ghala kupitia dirisha la juu. Sekela alikuwa na uji kwenye kidevu na miguu iliyokufa ganzi. Gwakisa aliketi mbele ya mitambo, kichwa kizima cheupe, akitazama taa ndogo ambayo kwa miaka yote ilikuwa nyekundu na sasa haikuwaka kabisa.

Sekela alijua angeweza kusimama na kuondoka. Mlango ulikuwa wazi na kanuni zote zilikuwa zimetimia. Alibaki kwenye kiti.

Baada ya muda mzee aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akachuchumaa kwa shida. Akaishika kamba. Vumbi liliruka, akakohoa. Alijaribu kuizungusha kwenye kiwiko kama wachimbaji wanavyofanya, lakini ilikuwa imekakamaa kwa kulala, haikukunjika.

"Dada Sekela," akasema bila kugeuka. "Nishikie huo mwisho."

Akaenda akaushika.